Wikendi katika nchi ya Lancaster: mwongozo kamili wa kuzuru viwanja vya kale vya ndege za kivita Lincolnshire

Ukiitazama ramani ya Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, safari hii inaonekana nyepesi. Vituo vyote vinavyostahili kuzuriwa viko ndani ya mwendo wa saa moja kwa gari kutoka mji wa Lincoln. Wengi hukwama kwenye siku. Banda la ndege lililo bora kuliko yote, la Coningsby, hufungwa Jumamosi na Jumapili. Linalofuata kwa umaarufu, la East Kirkby, halifunguliwi Jumapili. Mnara mkuu wa kumbukumbu, ule wa kilima cha Canwick, nao huwa na mapumziko yake mwanzo wa wiki. Kwa hiyo panga kwa kalenda kwanza, ramani ifuate, na wikendi yako ianze Ijumaa. Ukiomba ruhusa ya siku hiyo moja kazini, mengine yote yatakaa sawa.

Kwa nini Lincolnshire

Kaunti hii ni tambarare, inaelekea Bahari ya Kaskazini, na kutoka hapo Ujerumani si mbali kwa ndege ya injini nne. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vinamalizika ilikuwa na viwanja vya ndege za kijeshi zaidi ya 40. Vingi vilikuwa vya ndege za mabomu, na ndege iliyotawala ni Avro Lancaster. Ziliundwa Lancaster 7,377, na 3,249 kati ya hizo zilipotea kazini. Leo zinazoruka ni mbili tu duniani kote: moja iko Hamilton, Kanada, nyingine iko hapa, katika kituo cha Coningsby.

Hiyo ya Coningsby, yenye namba PA474, inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengi wanavyojua. Iliundwa mwaka 1945 ili ipelekwe kupigana na Japani, vita vikaisha kabla haijaondoka. Ikafungwa kamera, ikapewa Kikosi cha 82 cha Jeshi la Anga la Uingereza, na ikatumwa kupiga picha za ardhi Afrika Mashariki na Kusini. Hizo ndizo zama ambazo Waingereza walikuwa wanachora upya ramani za makoloni yao kwa kutumia picha za angani. Ukisimama mbele yake pale bandani, kumbuka kwamba bunduki unazoziona zilirudishwa baadaye. Ilipokuwa huku kwetu haikuwa nazo.

Hatua ya kwanza: chagua msimu

Ndege za kumbukumbu za Jeshi la Anga huruka kwenye maonyesho kuanzia takriban Mei hadi Septemba. Kuanzia Oktoba hadi majira ya kuchipua hukaa bandani zikifunguliwa vyuma na kufanyiwa matengenezo. Kila msimu una faida na hasara yake. Ukienda kiangazi unaweza kuisikia Lancaster ikiunguruma hewani, lakini pia unaweza kufika ukakuta nusu ya ndege zimeenda kwenye sherehe kaunti nyingine. Ukienda baridi utazikuta karibu zote, baadhi zikiwa utumbo nje, na mpenzi wa mitambo hufurahi zaidi hapo kuliko kuiona ndege nzima inang'aa.

Mimi ningekwenda mwishoni mwa Mei, Juni au Septemba. Juni jua linazama baada ya saa tatu usiku, hivyo unaweza kufunga siku ya makumbusho na bado ukawa na muda wa kuzunguka vijijini. Desemba giza linaingia kabla ya saa kumi jioni, na upepo wa tambarare hizi haukuonei huruma. Hata kiangazi chukua koti, kwa sababu mabanda ya ndege hayana joto.

Hatua ya pili: kata tiketi kwa mpangilio huu

Anza na kile chenye nafasi chache. Pale East Kirkby kuna Lancaster nyingine, NX611, wanayoiita "Just Jane". Hairuki, lakini huwasha injini zote nne na kutembea uwanjani ikiwa imebeba abiria wachache. Kiti kimoja kinagharimu mamia ya pauni na hujaa miezi mingi kabla. Kama unakitaka, kitafute kwanza, kisha safari nzima uipange kuizunguka tarehe utakayoipata. Kama hukitaki, bado tazama kalenda yao na uchague Jumamosi ambayo ndege hiyo itawashwa, maana kuitazama ukiwa umesimama kwenye majani unalipia kiingilio cha kawaida tu.

Cha pili ni ziara ya banda la Coningsby siku ya Ijumaa. Unaingia na kundi linaloongozwa, hivyo weka nafasi mapema. Mwenye kuswali Ijumaa achague kundi la asubuhi, kisha awahi msikiti mjini Lincoln, umbali wa kama kilomita 35.

Cha tatu ni malazi, na cha nne ni gari. Kiingilio cha mahali pengine unaweza kulipia mlangoni. Wiki moja kabla ya kuondoka pitia tovuti za vituo vyote uhakikishe saa na siku, kwa sababu ratiba hubadilika kati ya kiangazi na baridi, na kituo cha jeshi kinaweza kufunga mlango kwa sababu zake.

Hatua ya tatu: usafiri

Kutoka London kuna treni za moja kwa moja kutoka King's Cross hadi Lincoln, takriban saa mbili. Nyingine unabadilisha Newark North Gate. Lakini treni inakufikisha mjini tu. Viwanja vya ndege vilijengwa mashambani makusudi, na huko mabasi ni machache, Jumapili ndiyo usiseme. Usijidanganye kwamba utaunganisha vituo hivi kwa basi. Kodi gari Lincoln, au endesha kutoka unakoishi. Kutoka London ni kama saa tatu.

Mgeni kutoka Kenya, Tanzania au Uganda anaruhusiwa kuendesha gari dogo kwa leseni halali ya nchini kwake hadi miezi 12. Kwa aliyehamia na kuwa mkazi, hiyo miezi 12 inahesabiwa tangu awe mkazi, baada ya hapo anatakiwa awe na leseni ya Uingereza. Kampuni za kukodisha zina masharti yao ya umri na ya muda uliokaa na leseni, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Upande wa barabara ni kushoto kama nyumbani. Vipimo ni maili: barabara nyingi za mashambani hapa mwisho ni maili 60 kwa saa, ambazo ni karibu kilomita 96, na ukiingia kijijini zinashuka hadi 30. Kamera zipo. Zipo pia trekta ndefu wakati wa mavuno, na kona za ghafla zinazofuata mipaka ya mashamba ya kale. Hakuna haja ya haraka.

Hatua ya nne: lala wapi

Kuna njia mbili za maana. Ukilala Lincoln mjini unapata migahawa, chakula halali, na Kanisa Kuu. Ukilala Woodhall Spa, mji mdogo wenye miti, uko karibu na Coningsby na East Kirkby, na unapata Hoteli ya Petwood, iliyokuwa bweni na mesi ya maofisa wa Kikosi cha 617, kile kilichovunja mabwawa ya Ujerumani, wakati wa vita. Baa yake bado imejaa picha na masalia ya kikosi hicho. Si lazima ulale humo, unaweza kuingia kunywa chai. Mimi ningelala Ijumaa Woodhall Spa na Jumamosi Lincoln, ili kila asubuhi niamkie karibu na kinachofuata.

Ijumaa: Coningsby

Fika dakika 20 kabla ya ziara. Coningsby ni kituo hai cha jeshi chenye ndege za kivita za kisasa aina ya Typhoon, na wageni wa ndege za kale wana lango na maegesho yao. Kikundi cha ndege za kumbukumbu kilianzishwa mwaka 1957 huko Biggin Hill na kuhamia hapa mwaka 1976. Ndani kuna Lancaster moja, ndege ndogo za kivita aina ya Spitfire kadhaa na Hurricane mbili, Dakota ya mizigo na Chipmunk ya mafunzo. Waongozaji wengi ni watu wa kujitolea, baadhi wastaafu wa jeshi, na hupenda kuulizwa. Waulize kuhusu Spitfire P7350, iliyopigana kweli katika Mapambano ya Uingereza mwaka 1940 na bado inahesabiwa kuwa ndege ya kuruka. Waulize pia kuhusu Hurricane PZ865, ya mwisho kuundwa katika ndege zote za aina hiyo. Kisha uliza kuhusu miaka ya PA474 barani Afrika. Swali hilo si la kila siku kwao, na mara nyingi ndilo linaloamsha mazungumzo mazuri.

Ukitoka, zunguka hadi barabara ya Dogdyke, mwisho wa njia ya kurukia, ambako kuna mahali pa wazi pa watazamaji. Typhoon huruka zaidi siku za kazi, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoiacha Ijumaa. Utakuta wapiga picha wenye lenzi ndefu na vigoda vya kukunja wakinong'onezana habari za nani anaruka leo. Wasalimie, watakwambia. Mtoto mvalishe kinga ya masikio, kwa sababu Typhoon ikipaa ikiwa imewasha moto wa nyuma, kifua kinatetemeka. Droni iache nyumbani: kuirusha karibu na kiwanja cha ndege ni kosa la jinai.

Jioni simama Woodhall Spa kwenye mnara wa Kikosi cha 617, uliojengwa kwa umbo la bwawa lililobomoka. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei 1943, Lancaster 19 za kikosi hicho ziliruka kutoka Scampton kwenda kuvunja mabwawa ya bonde la Ruhr, Ujerumani, kwa bomu la kuruka-ruka juu ya maji alilobuni mhandisi Barnes Wallis. Ndege 8 hazikurudi, na kati ya wanaume 133 walioondoka 53 walikufa. Huko chini, mafuriko yaliua zaidi ya watu 1,300, wakiwamo wafungwa na vibarua wa kulazimishwa waliotolewa nchi za mashariki. Mnara unataja majina ya kikosi. Hao wengine hautawakuta kwenye jiwe hilo. Na Scampton yenyewe usiiweke kwenye ratiba, kituo kilifungwa mwaka 2023.

Jumamosi: East Kirkby

Toka mapema, ni kama kilomita 14 kutoka Coningsby. Hapa pana moyo kuliko mahali pengine pote katika safari hii. Kituo kilianzishwa na wakulima wawili, ndugu Fred na Harold Panton, kwa kumbukumbu ya kaka yao Christopher, aliyeuawa katika shambulio la mji wa Nuremberg, Ujerumani, usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Machi 1944. Walinunua ardhi ya kiwanja cha zamani, wakanunua Lancaster, wakafungua makumbusho. Mnara wa kuongozea ndege wa wakati wa vita bado umesimama. Panda juu usikilize.

Tenga asubuhi yote hadi alasiri. Anza na mnara na majengo madogo, kisha banda kubwa lenye Lancaster na Mosquito, ndege ya kivita ya injini mbili, ambayo nayo iko katika ukarabati mrefu. Just Jane ilitumikia jeshi la majini la Ufaransa huko Kaledonia Mpya kabla ya kurudi Uingereza. Sasa inatengenezwa hatua kwa hatua ili siku moja iruke.

Saa ya kuwasha injini ikikaribia, chagua mahali upande wa mbele wa bawa, nyuma ya kamba, lakini usikae mkabala na moshi unakoelekezwa na upepo. Injini huwashwa moja moja. Panga linazunguka kwa kusuasua mara kadhaa, linakohoa, moshi wa buluu unafuka kwenye mabomba ya ubavuni, halafu ghafla linashika na mapanga hayaonekani tena. Ikifika ya nne huwezi kuongea na jirani yako. Ndege inaanza kutembea, majani nyuma yake yanalala chini, na harufu ya mafuta inabaki kwenye koti lako hadi jioni.

Waliopata kiti cha ndani wajiandae kuinama. Ndege ilibeba wanaume saba: rubani, fundi, muongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa redio na wapiga bunduki wawili. Tumbo lake ni jembamba, na katikati linakatizwa na mhimili mnene unaoshika mabawa. Lazima uupande na kuuvuka. Uvuke kwa utulivu mchana ndege ikiwa ardhini, kisha ufikirie kijana wa miaka 21 aliyevaa mavazi mazito ya manyoya akiuvuka gizani, ndege ikiwaka na ikipinduka, akitafuta mlango. Yule mpiga bunduki wa mkiani alikuwa peke yake kwenye kitundu chake kwa saa nane. Mwamvuli wake wa kurukia ulining'inia nje ya kitundu, kwenye tumbo la ndege, kwa sababu kitunduni hapakuwa na nafasi. Mwenye magoti mabovu au woga wa sehemu finyu abaki nje, hatapoteza mengi. Watoto wadogo huwa hawaruhusiwi kupanda, soma masharti.

Mgahawa wa hapo unauza vyakula vya Kiingereza vya kawaida, soseji na chipsi, chai ya maziwa. Asiyekula nguruwe aulize au abebe chake.

Mchana ukibaki, fika Kanisa Kuu la Lincoln kabla ya jua kuzama. Minara yake mitatu ilionekana kutoka mbali na marubani waliokuwa wanarudi alfajiri. Ndani kuna kanisa dogo la wanajeshi wa anga, lenye vitabu vya majina zaidi ya 25,000 ya waliokufa kutoka vikosi vya eneo hili. Ibada ya jioni haina kiingilio. Jumapili ratiba ya ibada hubana ziara, ndiyo maana nakushauri uende Jumamosi. Kupanda Steep Hill hadi hapo ni kazi, mzee umfikishe kwa gari.

Jumapili: kilima cha Canwick na Newark

Asubuhi nenda kwenye Kituo cha Kimataifa cha Kamandi ya Ndege za Mabomu, kilicho juu ya kilima cha Canwick, kusini mwa mji. Kilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Mnara wake wa chuma una urefu wa mita 31.09, sawa kabisa na upana wa mabawa ya Lancaster, na umezungukwa na kuta zenye majina karibu 58,000. Kabla ya kuondoka nyumbani, ingia kwenye hifadhidata yao ya waliokufa, utafute jina unalotaka na uandike namba ya ubao wake. Bila namba utazunguka kuta hizo saa nzima.

Ndani ya jumba, jambo ninaloliheshimu ni kwamba maonyesho hayakukwepa upande wa waliopigwa mabomu. Sauti za raia wa Ujerumani zipo pamoja na za marubani. Sisi wa Afrika tunajua zaidi habari za KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, kule Burma, na hapa hakuna mengi ya Waswahili. Lakini Waafrika na watu wa Karibi walikuwamo ndani ya ndege hizi. Johnny Smythe wa Sierra Leone alikuwa muongoza njia, ndege yake ikaangushwa Novemba 1943, akafungwa Ujerumani, na baadaye akawa Mwanasheria Mkuu wa nchi yake. Cy Grant wa Guyana aliruka kutoka Elsham Wolds, kaskazini mwa kaunti hiihii, akaangushwa mwaka huohuo. Wote wawili walinusurika, hivyo usiwatafute ukutani. Watafute kwenye mkusanyo wa nyaraka wa kituo.

Alasiri shika njia ya kurudi kusini na usimame Makumbusho ya Ndege ya Newark, kama kilomita 24 kutoka Lincoln. Hapa ni ndege nyingi za baada ya vita: Vulcan kubwa yenye mabawa ya pembetatu, Shackleton, Hastings. Saa mbili zinatosha. Mwenye watoto atapapenda, kwa sababu kuna nafasi ya kukimbia na siku nyingine chumba cha rubani hufunguliwa. Kutoka hapo barabara ya A1 iko karibu, na aliyekuja kwa treni anaweza kurudisha gari Lincoln na kupanda jioni.

Kama Ijumaa haipatikani

Iache Coningsby ya ndani. Jumamosi nenda East Kirkby, kisha pitia Woodhall Spa, Jumapili ufuate mpango uleule. Kiangazi tazama ratiba ya maonyesho ya Lancaster iliyotangazwa. Siku inayoruka, kusimama barabara ya Dogdyke wakati wa kuondoka kunaweza kukufidia banda lililofungwa. Usiingie kwenye mashamba kufuata mabaki ya njia za kurukia unazoziona kwenye picha za satelaiti. Nyingi ni mali ya wakulima, na zinalimwa hadi ukingoni mwa zege.

Kama una Jumatatu ya ziada

Msomaji wa Kenya atauliza habari za ndege zilizopiga misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya wakati wa Mau Mau. Hizo zilikuwa Avro Lincoln, ndege iliyokuzwa kutokana na Lancaster. Kati ya 1953 na 1955 vikosi vyake vilipokezana zamu kutoka Uingereza hadi Eastleigh, Nairobi, mahali panapoitwa leo Kambi ya Anga ya Moi. Pamoja na jina lake, katika vituo nilivyotaja hakuna Lincoln nzima ya kuona. Iliyohifadhiwa, RF398, ni mali ya Makumbusho ya Jeshi la Anga huko Cosford, karibu na Wolverhampton, zaidi ya saa mbili kwa gari kuelekea magharibi. Kuingia ni bure, unalipia maegesho tu, na kituo cha treni cha Cosford kiko umbali wa kutembea kwa miguu. Kabla ya kwenda, waandikie uulize kama ndege hiyo iko kwenye maonyesho siku hiyo na iko banda gani.